Nini Kinatoka, Nini Hakitoki

Fundi hakupokea kitu kilichokufa. Ukimwekea redio mezani ukasema, "Fundi, imekufa," aliisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono na kuendelea na alichokuwa akikifanya.

"Kilichokufa kinazikwa," alisema. "Mimi si mchimba kaburi. Niambie nini kinatoka na nini hakitoki."

Hapo mteja alianza kujiumauma. Taa inawaka? Inawaka. Sauti haitoki pande zote au upande mmoja? Inaunguruma au imenyamaza kabisa? Ilianza lini, na nani alikuwa ameishika? Ulikuwa umechomeka nini nyuma, tundu lipi? Watu waliondoka mezani kwake wamechoka kana kwamba wametoka kuandikisha maelezo polisi. Mimi nilimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo nilimshuku, maana mtu anayekuuliza sana huenda anapima tu ni kiasi gani hujui.

Niseme mimi ni nani, kwa sababu picha ya mtu inategemea na anayeitazama amesimama wapi. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, upande wa kwenda stesheni, na watu wananiita Mama Mashine. Kazi hii hainifundishi kuamini watu, wala watu hawaji kwangu kwa kuniamini. Mkulima anatoka Namawala na magunia matano, anayalalia njia nzima, na akifika kwangu hasogei. Midomo ya magunia ameishona kwa uzi wa rangi anayoijua mwenyewe. Anasimama kwenye tundu la juu mpunga unapoingia, halafu anakimbilia chini mchele unapotoka, na kati ya juu na chini anaamini kuna mahali nimeficha kitu. Nikimaliza napiga tumbo la mashine kwa mti mara tatu mbele yake, hadi punje ya mwisho idondoke, ndipo anapumua.

Miaka mingi ya kushukiwa ilinifanya na mimi nishuku. Kila kitu cha nyumbani kwangu nilikitia alama kwa rangi ya kucha nyekundu: vitone viwili na mstari katikati. Sufuria, jembe, ndoo, mwiko, kiti, mpaka chupa ya chai. Mama mkwe wangu aliwahi kuazima sufuria kubwa ya shughuli, siku ya tatu nikatuma mtu aifuate, na nikamwambia mtu huyo aigeuze kwanza aangalie alama. Mume wangu alinyamaza siku hiyo. Mimi nilidhani amekubali kwamba nyumba inahitaji mlinzi.

Nayasema haya mapema ili anayesoma amjue mtu aliyemwita Fundi mwizi. Ni mimi. Nilimwita mbele ya watu, mchana, na nilikuwa na ushahidi.

Meza yake ilikuwa kwenye baraza la mama mmoja mshona nguo, karibu na soko. Upande mmoja cherehani, upande mwingine yeye. Redio iliyofunguliwa aliifunika kwa kipande cha khanga, mchana kutwa, na hakupenda watu waichungulie tumbo. Skurubu za kila mteja aliziweka kwenye kizibo chake, na vizibo alivipanga kwa mstari ukutani. Wateja walikuja na vigoda vyao. Mji wetu una desturi hiyo: ukipeleka kitu kwa fundi, unakaa nacho mpaka kimalizike, na ukienda haja unamwachia mtu. Inasemekana mafundi wanatoa vya ndani vizima na kurudisha vibovu. Kila mtu ana shemeji yake aliyefanyiwa hivyo.

Fundi hakukasirishwa na vigoda. Alisema tu, "Kama umekuja kunilinda, basi jifunze. Ukinilinda bila kujua ninachofanya, unalinda ukuta."

Na kweli alifundisha. Nusu ya Ifakara inajua maneno ya redio na televisheni kwa sababu yake, hata wale wasiokumbuka wameyatoa wapi. Alianza na kuingia na kutoka. Kila chombo chenye waya, alisema, kina tundu la kuingizia na tundu la kutolea. Deki inatoa, televisheni inapokea. King'amuzi kinatoa, amplifaya inapokea halafu na yenyewe inazitolea spika. "Ninyi mnachomeka la kutolea kwa la kutolea, vitu viwili vinasemeshana na hakuna anayesikiliza, kisha mnasema fundi mwizi." Zile nyaya tatu za rangi alizieleza kwa vidole usoni pake mwenyewe: njano ni macho, nyekundu ni sikio la kulia, nyeupe ni sikio la kushoto. Mwalimu mmoja wa sekondari alichomeka ya njano kwenye tundu jeupe, televisheni ikatoa mngurumo ambao aliutafsiri kuwa imeungua. Alikuja nayo juu ya pikipiki, ya chogo, nzito, amefungwa nayo mgongoni kwa mpira. Fundi aliuliza maswali yake, akahamisha waya mmoja, akamrudishia. Mwalimu alitazama kulia na kushoto kuona nani kamwona.

Lakini kilichomfurahisha zaidi ni kukamata maandishi yanayodanganya. Hakuamini boksi lolote. Siku moja kijana mmoja mfanyabiashara alileta sabufa mpya, imeandikwa mbele kwa herufi za dhahabu wati elfu moja na mia mbili. Fundi hakuigusa mbele. Aliigeuza, akavaa miwani, akamsomesha kwa sauti kile kikaratasi kidogo cha nyuma karibu na waya wa umeme.

"Inakula wati ngapi?"

"Arobaini."

"Anayekula arobaini atatapikaje elfu?"

Baraza zima lilicheka, na mshona nguo akasimamisha cherehani. Kijana alisema labda ni makosa ya kiwandani. "Makosa gani yanapendelea muuzaji kila siku?" Fundi akamjibu. Mwingine alileta televisheni bapa akijisifu ni HD kamili. Fundi akamwonyesha kibandiko: kimeandikwa HD redi. "Redi ni tayari. Haijaandikwa kuwa ni HD. Imeandikwa iko tayari. Hata mimi niko tayari kwa utajiri, lakini angalia viatu vyangu."

Na omu. Neno hilo nalikumbuka kwa sababu lilinigusa. Alimweleza mume wangu kwamba omu ni kiasi ambacho spika inaukatalia umeme. Spika yenye omu ndogo mno inakubali kila kitu, mwisho inaunguza amplifaya. Yenye omu nyingi inabisha, sauti inakuwa ndogo, ila haiunguzi. Halafu akanitazama mimi, akamwambia mume wangu, "Wewe kwako una omu kumi na sita." Mume wangu alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Nilimwangalia, nikamwangalia na Fundi, nikajiuliza hawa wawili wana mazungumzo gani nisiyoyajua.

Yeye mwenyewe alikuwa na mambo yasiyolingana. Alitufundisha steriyo ni nini, kwamba sauti ya kulia si ile ya kushoto, na kwamba mono ni pande zote kuimba kitu kimoja. Na kumbe sikio lake la kushoto halikusikia kabisa tangu utotoni. Dunia yake yote ilikuwa mono. Alipopima spika aliweka ncha za vidole kwenye koni, ile karatasi pana ya spika inayotoa sauti, ili ahisi inavyotetemeka, kisha akamwomba mteja asikilize kwa niaba yake. "Kushoto inatoka? Sema wewe." Wengi hawakujua habari za sikio, wakaona ni ujanja: fundi anakufanya wewe ndiye shahidi kwamba kitu ni kizima, kesho ukirudi kulalamika atakwambia ulisema mwenyewe. Mimi nilijua habari za sikio na bado niliona ni ujanja.

Nyumbani kwake hakuwa na televisheni. Tunaishi karibu na Kidatu ambako umeme unazaliwa, lakini yeye aliuogopa umeme kama jirani mlevi: wingu likianza tu upande wa milima, alipita baraza hadi baraza akichomoa plagi za watu bila hodi. Hakumwamini mteja, hakuamini boksi, hakuamini umeme, wala hakuuamini mkono wake mwenyewe, maana kila alichopima alipima mara mbili. Kitu kimoja tu alikiamini, neno sahihi. "Kitu ukikiita kwa jina la kingine," alikuwa akisema, "utafungua kisichoharibika."

Sasa nifike kwenye spika.

Mume wangu alizinunua wakati anafanya kazi ya miwa Kidatu, kabla hatujawa na mashine. Mbili, za mbao, ndefu kufika kiunoni, kila moja na koni yake pana. Nilipomkuta siku moja amezifungua atoe mende, nilileta kichupa changu cha rangi na kutia alama nyuma ya kila koni, kwenye sumaku, mahali ambapo hakuna anayepaona bila kufungua. Alinitazama na bisibisi mkononi. "Hata huku?" aliniuliza. "Hasa huku," nikamjibu. Kila Jumapili baada ya misa alizifungulia, akaketi katikati yake, akafumba macho. Hizo ndizo nilizobaki nazo alipofariki. Aliugua wiki mbili tu.

Misa yake ya arobaini ilipokaribia nilitaka spika zake zilie nyumbani siku hiyo. Nikawasha, kushoto kukawa kimya. Nilipeleka kabati la kushoto kwa Fundi, na kwa sababu ya maandalizi sikuweza kukaa na kigoda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwachia mtu kitu. Nilipolifuata, alinifanyia kama anavyofanya: vidole kwenye koni, "Sikiliza, Mama Mashine, inatoka?" Nikasema inatoka. Ilitoka kweli, ila nyembamba, besi hakuna. Nilifika nayo nyumbani nikakosa raha. Nikachukua bisibisi, na niliitumia vizuri, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nikatoa skurubu nne na kuigeuza koni.

Sumaku ilikuwa ndogo, nyeupe, haina alama.

Sikumwambia mtu. Nilifungua na kabati la kulia kwanza, nipate uhakika. Vitone viwili na mstari vilikuwepo, vyekundu kama siku nilipovitia. Basi. Nilijifunga khanga nikaenda sokoni.

"Fundi, spika yangu iko wapi?"

"Imo ndani ya kabati, mama."

"Iliyomo si yangu. Yangu ina rangi nyekundu nyuma."

Aliweka chini chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Watu wenye vigoda waligeuka wote. "Nilichokikuta ndicho nilichokirudisha," alisema.

"Kwa hiyo nani aliitoa? Mimi? Au marehemu alifufuka akaja kuiba spika yake?"

Alipangusa meza kwa kiganja.

"Nakuuliza, Fundi. Kabati lile hujawahi kulifungua kabla ya juzi?"

Mdomo wake ulifunguka ukafungika. Alinitazama kwa macho fulani, na mimi macho yale niliyasoma kuwa ni ya mwizi aliyekamatwa. Mtu asiye na hatia angesema hapana. Yeye alivuta kile kipande cha khanga akaifunika redio iliyokuwa mbele yake, taratibu, kona kwa kona. Nikamwita mwizi. Nilimwita mara tatu, na ya tatu nilisema mwizi wa vitu vya maiti.

Kuanzia siku hiyo sikumpa shikamoo. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na nilimpita njiani kama nguzo ya umeme.

Anayetaka habari ienee Ifakara, ailete mashineni. Watu wanakaa pale saa nzima wanalinda magunia, mikono haina kazi, midomo haina kazi. Niliwapa kazi. Kila mkulima aliyekoboa kwangu msimu ule aliondoka na mchele wake na habari ya Fundi, akavifikisha vyote viwili kwao. Watu walianza kufuata redio zao hata ambazo hazijatengenezwa. Aliyeibiwa kuku alikumbuka kwamba Fundi alipita karibu. Mshona nguo alimwambia kwa upole kwamba mpangaji mwingine anahitaji lile baraza. Siku moja niliiona meza yake juu ya baiskeli, imefungwa miguu juu, yeye anaisukuma. Ilisemekana ameenda upande wa Chita kulima. Nikasema mnaona, mwizi amekimbia, na nikahesabu hilo nalo kuwa ushahidi.

Miaka ikapita hivyo. Siwezi kusema nilikosa usingizi. Nililala vizuri, kwa sababu nilikuwa na alama yangu.

Mwaka jana wifi yangu alinipigia kwamba mama yao ameanguka, nyonga imeumia, na yeye peke yake amechoka. Nilikwenda Namawala kumuuguza kwa majuma mawili. Mimi na mama mkwe hatukuwa na ugomvi, ila tangu ile sufuria hakuwahi kuniomba kitu. Macho yake sasa yanaona mwanga tu. Kinachomfikishia dunia ni redio yake kuukuu ya kabati la mbao, anasikiliza rozari, taarifa ya habari, na matangazo ya vifo, ambayo anayapenda kuliko yote.

"Mwanangu," aliniambia asubuhi moja, "igeuze hiyo redio uifute vumbi nyuma. Nahisi panya wanarudi."

Kifuniko cha nyuma kilipotea zamani, pamefungwa mpira wa baiskeli. Niliigeuza kuielekeza dirishani. Ndani kulikuwa na koni pana kupita kiasi kwa kabati lile, imefungwa kwa ubao uliokatwa vizuri kabisa, na kwenye sumaku kulikuwa na vitone viwili na mstari katikati.

Nilikaa chini. Nilivigusa kwa ukucha nione kama ni rangi kweli.

"Mama, hii spika uliitoa wapi?"

"Si mume wako? Alikuja nayo pamoja na Fundi, wakaifunga hapo hapo mezani. Ile yangu panya walikuwa wameitafuna, na Fundi alisema ya ukubwa ule mjini haipatikani." Alicheka kidogo, kichwa kimeelekea ukutani. "Akaniambia, mama, usimwambie mwenzangu. Akijua ataniwekea alama na mimi."

"Kwa nini hakuniomba?"

Mama mkwe alifikiri. Hakuwa na hila yoyote usoni. "Hata mimi nilimwambia, muombe mkeo. Akasema, mama, nyumba ile kitu hakitoki."

Niliuliza swali lililobaki huku nikijua jibu lake. "Na Fundi?"

"Fundi hakutaka. Alimwambia, mambo haya mwambie mwenye nyumba. Wakabishana hapa mpaka chai ikapoa. Mwisho mwanangu akamwapisha, mkono juu ya rozari yangu, kwamba yeye kamwe hatakwambia. Kwani yuko wapi siku hizi, Fundi? Mtu mwema yule."

Nilisema sijui. Nikaifuta redio vumbi, nikairudisha, nikaiwasha. Sauti ilijaa chumba kizima, na besi yake yote. Nikatoka nje nikalia karibu na choo ili asinisikie. Niliona aibu, sina neno jingine la kuiita. Mume wangu aliiba kwenye nyumba yake mwenyewe, kwa kunihofia mimi, ili mama yake asikie rozari. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Fundi kwa kunyamaza, kisha hasira zote zikaisha zikaniacha peke yangu.

Nilidhani nikirudi Ifakara nitamtafuta kesho yake. Sikumtafuta. Nilijiambia Chita ni mbali, barabara mbovu, mashine haina wa kuiangalia. Nilijiambia pia, na hili ni baya zaidi, kwamba pengine spika hakuiba lakini vingine aliiba. Mazoea ya kushuku hayaondoki kwa sababu umeonyeshwa umekosea. Nilifikiria na jambo jingine: nikimsafisha Fundi, itabidi niseme aliyeitoa spika ni nani, na kwa nini. Mji mzima utajua kwamba mume wangu alinificha kwa sababu nilikuwa askari wa vyombo vyake. Nikanyamaza msimu mzima.

Halafu akaja mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi, mavuno yamepamba moto, foleni ya magunia imefika barabarani. Nilimwona akishusha gunia moja kutoka kwenye baiskeli ile ile. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, mikono imekuwa ya jembe. Mashine nyingine zilikuwa zimeharibika wiki ile, pengine hakuwa na pa kwenda. Watu walimtambua. Mama mmoja alilivuta gunia lake karibu na miguu.

"Habari za kazi, Mama Mashine," alisema.

"Nzuri." Nilimwonyesha mwisho wa foleni. "Weka hapo. Kaa uangalie."

Hilo namwambia kila mtu, limeshazoea ulimi. Yeye akalegeza mdomo wa gunia, akaliacha wazi, akageuka.

"Niangalie nini?" alisema. "Naenda sokoni kununua misumari. Nitarudi."

Na akaenda. Miaka yote niliyokoboa, hakuna aliyewahi kuniachia gunia wazi akaondoka, hata ndugu zangu. Niseme ukweli wangu: nilichofikiri kwanza ni kwamba ananitega. Anataka arudi, apime mchele, aseme mbele ya watu kwamba Mama Mashine kamwibia, tulipane. Nililitazama gunia lile kama mtu anayetazama mtego wa panya. Foleni nzima ilinitazama mimi.

Nilimkobolea kwa zamu yake, kwa mikono yangu. Nilipiga tumbo la mashine kwa mti mara tatu, mbele ya nafasi tupu ambapo alipaswa kusimama. Nikapiga ya nne.

Aliporudi na misumari yake kwenye karatasi, nilikuwa nakoboa mpunga wa mtu mwingine. Nilizima mashine. Kila mtu akasema "Aaa!" kwa sauti moja, kama wanavyosema umeme ukikatika.

"Umeme upo," niliwaambia. "Nimezima mimi."

Nikatoka nyuma ya mashine, nimejaa pumba mpaka kwenye nyusi, nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, Fundi."

Alihamishia misumari mkono mwingine. "Marahaba."

"Huyu mzee," nikawaambia watu, "niliwaambia ameniibia spika. Wengi wenu mlisikia kwangu, hapa hapa."

"Mama, acha," alisema Fundi chini chini. "Marehemu amelala."

"Ulinifundisha niseme kitu kwa jina lake." Nikageukia watu tena. "Hakuiba. Aliitoa mume wangu, akampelekea mama yake, na alimwapisha Fundi asiniambie. Alinificha kwa sababu mimi nilikuwa sitoi kitu. Nilimwita mwizi mtu aliyekuwa anashika kiapo. Mlikopeleka habari ile ya kwanza, pelekeni na hii."

Yule mama aliyevuta gunia lake alilitazama, kama anafikiria kulirudisha lilipokuwa. Hatimaye mzee mmoja wa nyuma aliuliza, "Sasa spika yenyewe iko wapi?"

"Iko Namawala. Kwa mama mkwe."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilingoja aseme amenisamehe, au aseme hajanisamehe, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Alinyanyua uso, akanigeuzia sikio lake la kulia, lile linalosikia.

"Inatoka?" aliuliza.

"Inatoka, Fundi."

"Na besi?"

"Na besi. Nimeisikia mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyofanya akimaliza kupima mara ya pili. Akaufunga mdomo wa gunia bila kuchungulia ndani, akalipakia kwenye baiskeli, akaondoka. Nikarudi nikawasha mashine, maana foleni ilikuwa ndefu.